Kutoka Sabule Hadi Gesti: Historia ya Chumba cha Bei Nafuu Lamu

Aliyejenga nyumba ya mawe mjini Lamu katika karne ya 18 hakumsahau mgeni. Ukishapita daka, pale penye viti vya mawe wanapobarizi wanaume jioni, unaingia kijiukumbi cha mlangoni. Hapo ndipo njia zilipogawanyika: wenyeji walikwenda kiwandani, yaani ua wa ndani, na kwenye misana, vyumba virefu vya ndani, na mgeni alielekezwa sabule, chumba chake peke yake, kilichotengwa ili asipite mbele ya wake na mabinti wa mwenye nyumba. Angeweza kukaa humo miezi bila kumsumbua mtu. Na alikaa miezi kweli, kwa sababu aliyeletwa na kaskazi kutoka Uarabuni au Bara Hindi hakuwa na njia ya kurudi kwao mpaka kusi ianze kuvuma.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko nyumba hizo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu mwaka 1331, alieleza alivyoiona Mogadishu. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile akitangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara alilala nyumbani kwa mwenyeji wake, na mali yake iliuzwa kwa mkono wa mwenyeji huyo. Ni mzoefu tu, aliyekwisha kuujua mji na watu wake, aliyekuwa huru kulala anapotaka. Chumba hakikulipiwa, lakini mwenyeji hakupata hasara, maana faida yake ilikuwa kwenye biashara. Lamu haimo katika maelezo hayo, ila ukitazama sabule zake huoni tofauti ya fikra.

Basi vipi chumba cha mgeni asiyelipa kiligeuka chumba cha kukodi? Jibu linaanzia kwenye umaskini. Utajiri uliojenga mitaa ya Mkomani, upande mmoja wa mji, ulitokana na boriti, pembe za ndovu na nafaka za mashamba ya bara, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Hilo halifai kufichwa na uzuri wa zidaka, vishubaka vya chokaa vya ukutani. Reli ya kutoka Mombasa kwenda bara, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, iliivuta biashara kwenda Mombasa. Mwaka 1907 utumwa ukapigwa marufuku, na mashamba yakakosa mikono. Familia nyingi zilihama. Nyumba za ghorofa zikabaki na bibi mmoja na wajukuu, orofa ya juu tupu, dari ikivuja kila masika.

Upande wa pili wa mji, Langoni, wageni walikuwa wakiongezeka. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alianzisha msikiti wa Riyadha mwishoni mwa karne ya 19, na maulidi yake yakawa yanawakusanya watu kutoka pwani nzima na visiwa vyake kila Mfungo Sita. Walilala msikitini, madrasani, na katika nyumba za watu. Hata leo ziko familia zinazotandika mikeka chumba kizima wakati wa maulidi, na hakuna anayeulizwa shilingi. Kwa hiyo mji ulikuwa na mambo mawili yanayohitajika kabla ya gesti yoyote: vyumba vitupu, na watu waliozoea kuishi na wageni.

Hoteli zenyewe zilikuwa chache. Palikuwa na Petley's kwenye ukingo wa maji, yenye jina la mlowezi wa Kiingereza Percy Petley, na mwaka 1967 ikafunguliwa Peponi, katika kijiji cha Shela kisiwani humo. Hizo zilikuwa za wenye nazo. Waliobadilisha mambo ni mahipi, vijana wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakizunguka dunia na begi mgongoni, ambao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 waliifanya Lamu kituo chao. Wengine waliiita Kathmandu ya Afrika. Walisafiri kwa basi kupitia Garsen, wakivuka mto Tana kwa kivuko, hadi Mokowe, na kutoka Mokowe kwa mashua mpaka gatini. Hawakutafuta chumba chenye bafu la marumaru. Walitaka mkeka, chandarua na paa la kulala penye upepo, na mapaa yalikuwepo tele.

Mji haukuwapokea kwa moyo mmoja. Nguo zao na bangi yao ziliwaudhi wazee, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Lakini bibi mwenye orofa tupu aliona kwamba kijana mmoja juu ya paa kwa mwezi mzima angelipia sukari, mafuta ya taa na karo ya mtoto. Akaongeza kitanda cha kamba, akafagia ngazi, kisha akaanika shuka mbili za ziada. Hakuandika bango. Gesti nyingi za Lamu zilianza hivyo.

Mwanzo huo unaonekana hadi sasa ukiingia bafuni katika gesti yoyote ya kizamani. Kuna birika la maji lililojengwa pembeni na kupigwa lipu ya chokaa, na ndani yake wanaogelea visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika huzikwa bakuli la kauri ili maji yakipungua visamaki wapate pa kujificha. Mgeni huteka maji kwa kata na kuoga akiwa amesimama pembeni. Mgeni wa mara ya kwanza hushtuka. Mimi huona ni uhandisi wa heshima, na naumia kila ninaposikia birika limevunjwa ili liwekwe bomba la mvua la plastiki.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyozifanya gesti kuwa kazi ya mji. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi, na majahazi yaliyokuwa yakienda Ghuba yakapoteza mzigo wao mkuu. Mabaharia na wakata mikoko walilazimika kutafuta riziki nyingine, ikiwemo ya kupokea wageni. Jumba la makumbusho lilikuwa limefunguliwa tangu 1971, mji mkongwe ukalindwa kisheria mwaka 1986, na 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa zikapanda, na bei ya nyumba ikapanda nazo.

Shela ndiyo iliyobadilika zaidi. Wageni matajiri walinunua magofu, wakayafufua vizuri sana, na tuwape haki yao: mafundi wa lipu na wachonga milango walipata kazi iliyokuwa ikifa. Lakini nyumba ikishauzwa, chumba chake cha bei nafuu kimekwenda. Hata maji yana hadithi hiyo, kwani maji matamu ya kisiwa hutoka visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na kila jengo linalosogea kwenye matuta linakisogelea kisima. Ndiyo maana leo anayetafuta chumba rahisi hulala Mkomani au Langoni, kisha huenda ufukweni Shela kwa miguu, mwendo wa dakika 40 hivi, au kwa boti ya kuchangia.

Kisha zikaja shida za usalama. Miaka ya 1990 mabasi yalishambuliwa na majambazi njiani, yakawa yanasafiri kwa ulinzi wa askari. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, jirani na Lamu, na Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani. Ikafuata amri ya kutotoka nje usiku. Hoteli kubwa ziliweza kufunga na kungoja. Gesti ya familia haikuwa na pa kungojea, kwa sababu ndiyo nyumba yao.

Kwa anayepanga kwenda, historia hii ina faida ya moja kwa moja mfukoni. Epuka Desemba na Januari. Nenda mvua zinapoanza kukatika, wakati wenye vyumba wako tayari kuzungumza. Kijana anayekupokea gatini na kukupeleka gesti atalipwa chai yake na mwenye nyumba, na chai hiyo itaingizwa kwenye bei yako, kwa hiyo ukiweza beba begi lako na uulize mwenyewe mitaani. Omba chumba cha juu. Upepo wa paani unashinda feni. Ukikaa wiki, bei ya usiku mmoja si bei yako tena. Salamu iwe ndefu kabla ya kutaja pesa, maana unaingia nyumbani mwa mtu.

Kinachotishia vyumba hivi sasa ni matengenezo. Nyumba ya mawe ya matumbawe, kama hizi za Lamu, hutaka chokaa. Saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta huoza kutoka ndani. Sheria ya hifadhi inadai chokaa na boriti, nami naiunga mkono, lakini vifaa hivyo na fundi wake ni ghali kuliko saruji ya dukani. Nyumba ikishakuwa ya warithi wanane, kila mmoja na fungu lake, na dari inadai kutengenezwa, mnunuzi wa kigeni mwenye fedha taslimu huonekana kama mkombozi. Serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya hazina haja ya kujenga hoteli ya bei nafuu Lamu. Hoteli hiyo ipo tayari, imetawanyika katika nyumba za Mkomani. Zinachopaswa kufanya ni kuzipatia familia hizo chokaa, boriti na fundi kwa bei wanayoimudu, kabla warithi hawajakaa kupiga kura ya kuuza.