Begi la Ibn Battuta: Safari Ndefu Hubebewa Nini?



Ndugu msomaji, ukipita mitaa yetu ya Pwani wiki moja kabla kijana hajaondoka kwenda Uarabuni kikazi, au ng'ambo kusoma, utakuta begi limelazwa sebuleni na nyumba nzima imelizunguka. Mama anatia achari na halua. Shangazi analeta kanzu mbili. Mjomba anapima kwa mizani, anatikisa kichwa: kilo zimezidi. Hiki kinatolewa, kile kinarudishwa, mwisho zipu inafungwa mtu akiwa amelikalia begi. Mimi mwenyewe nimeshakalia begi la binamu yangu.

Siku ile nilijiuliza swali: hawa waliotutangulia, waliosafiri miaka na miaka bila ndege wala simu, walibeba nini? Na katika walivyobeba, ni kipi kiliwafaa kweli? Basi katika mwezi huu mtukufu tumtazame msafiri mmoja ambaye hata mji wetu wa Mombasa aliufika.

Kwanza tukumbuke kwamba Qur'an yenyewe imezungumzia masurufu ya safari, katika Suratul Baqara aya ya 197. Ibn Abbas (R.A) ameeleza kuwa walikuwako watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hijja mikono mitupu, wakidai wao wanamtegemea Allah, kisha wakifika Makka wanaomba watu. Ndipo waja wakaamrishwa wachukue masurufu, na wakafahamishwa kuwa yaliyo bora ni taqwa. Angalia vizuri hapo. Aya haikusema acha begi nyumbani. Mambo mawili yamekwenda pamoja: tia chakula na nguo, na utie na kile ambacho hakipimwi kwa mizani.

Sasa tuje kwa Ibn Battuta. Aliondoka kwao Tangier, Moroko, mwezi wa Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21. Yaani rika letu sisi hasa. Alitoka peke yake, bila ya rafiki wala msafara, nia yake ni Hijja. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuuma sana.

Haikuchukua muda akapata somo lake la kwanza la mizigo. Alipofika Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alishikwa na homa. Wenzake walimshauri apumzike, akakataa katakata. Mmoja wao akamwambia basi kama umeazimia, uza punda wako na mizigo mizito, mimi nitakuazima mnyama na hema, twende wepesi, maana njia ina wanyang'anyi. Akauza. Kabla hata ya kufika Tunis, vile alivyoviona nyumbani kuwa ni vya lazima vilikuwa vimeshakuwa balaa.

Walipofika Constantine mvua kubwa iliwanyeshea, nguo zake zikachafuka. Gavana wa mji alipomuona hivyo aliamrisha zifuliwe. Joho lake lilikuwa limechakaa, akampa jingine zuri, na kwenye pembe moja amefunga dinari mbili za dhahabu. Hiyo ndiyo sadaka ya kwanza aliyoipata safarini. Mbele ya hapo homa ikazidi mpaka akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba chake asianguke. Kilemba kilichobebwa kwa ajili ya heshima kikawa kamba ya kuokoa maisha. Wajuzi wa safari husema beba kitu chenye kazi mbili. Yeye alijifunza hivyo akiwa mgonjwa.

Ramadhan ya mwaka 1326 ilimkuta Damascus. Huko mwalimu mmoja wa madhehebu ya Maliki, Nuruddin as-Sakhawi, alimwalika kufuturu kwake kila usiku. Baada ya siku nne Ibn Battuta akashikwa na homa tena. Sheikh hakukubali alale kwingine, akamuuguza nyumbani kwake mpaka Idi. Alipotaka kuondoka na msafara wa Hijja pesa zilikuwa zimekwisha. Sheikh yule yule akamkodia ngamia, akampa masurufu, na pesa juu yake za kumfaa kwa dharura. Ndugu zangu, tunapofuturu mwaka huu tuangalie pembeni: hakuna mgeni msikitini ambaye hana wa kumwalika?

Mjini humo alipata pia ijaza kutoka kwa wanazuoni kadhaa, yaani idhini ya kusomesha alichokisoma. Hizo ndizo karatasi zake za safari. Faida ya elimu aliiona hata katika pwani yetu hii. Chombo chake kilipofika Mogadishu, mwaka 1331, vijana wa mji walikuja na mashua, kila mmoja amebeba chakula na anajichagulia mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Walipoambiwa huyu si mfanyabiashara, ni faqihi, kadhi wa mji akateremka ufukweni kumpokea pamoja na wanafunzi wake. Hawakuuliza ana sanduku ngapi. Sultani alimletea nguo, akalishwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Naam, achari! Mama zetu wana asili.

Kutoka hapo akateremka Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliwakuta watu wa hapa ni Mashafii, watu wa dini, misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi. Kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi na kata ya kutekea, mtu anaosha miguu ndipo aingie. Msafiri hakuhitaji kubeba birika. Wenyeji walikuwa wamemwekea maji kabla hajafika. Kisha akaendelea hadi Kilwa.

Lakini si kila pahali panafanana. Alipokuwa akirudi kutoka Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, wakati wa baridi kali, alivaa makoti matatu ya manyoya, suruali mbili, na viatu vya aina tatu kimoja juu ya kingine. Akitawadha kwa maji ya moto karibu na moto, maji yanaganda pale pale. Nguo zilivyokuwa nyingi hakuweza kupanda farasi mwenyewe, mpaka wenzake wampandishe. Kwa hivyo wewe unayekwenda Ulaya au Canada, koti si anasa. Kutawakali ni pamoja na kuvaa.

Mtihani mkubwa ulikuwa Bara Hindi. Mwaka 1342 sultani wa Delhi alimtuma Uchina kuwa balozi, na zawadi nyingi. Katika bandari ya Calicut mizigo yake ilipakiwa chomboni, yeye akabaki nchi kavu aswali Ijumaa. Dhoruba ikapiga. Merikebu kubwa yenye zawadi za sultani ikavunjika na watu wakafa, na chombo chenye mali yake kikatweka kikaenda zake. Akabaki ufukweni na dinari kumi na zulia alilolalia.

Na hapa tusiipambe historia. Miongoni mwa alivyovihesabu kuwa ni mali yake mle chomboni walikuwamo wanadamu, watumwa. Zama hizo walihesabiwa pamoja na masanduku. Msafiri alipoteza mali, wao walipoteza zaidi.

Baadaye maharamia walimvamia baharini, wakamvua kila kitu isipokuwa suruali. Alirudi Calicut hivyo hivyo. Faqihi mmoja akampelekea nguo, kadhi akampelekea kilemba. Katika vilivyopotea baharini mlikuwa na maandishi aliyoyanakili kwenye makaburi ya wanazuoni wa Bukhara. Ndiyo maana safari zake, alipozisimulia mjini Fez na Ibn Juzayy akaziandika mwaka 1355, kwa sehemu kubwa zilitoka kichwani, na mengine ameyachanganya. Bahari haikuweza kuchukua elimu yake. Iliyokuwa karatasini peke yake ilikwenda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1348 Ibn Battuta alikuwa Damascus kwa mara nyingine. Hapo ndipo alipoambiwa kuwa baba yake amefariki, na si jana, ni miaka 15 iliyopita. Akafunga safari ya kurudi kwao. Mwaka 1349, akiwa Taza, amekaribia kabisa kufika Tangier, akapata habari kuwa mama yake naye amefariki kwa tauni. Alilolikuta nyumbani ni kaburi la kuzuru.

Nyakati zile barua moja ilikuwa bahati. Wewe leo una simu mfukoni. Ndugu yangu unayefunga begi Ramadhan hii, ushauri wangu ni mfupi. Punguza nguo, beba dawa zako na koti kama kwendako kuna baridi. Pasipoti, viza na mkataba wa kazi toa nakala, uache nyumbani kwa mtu unayemwamini, maana karatasi zinaweza kuchukuliwa ukiwa ugenini na hapo ndipo watu wako watajua pa kuanzia. Weka pesa kidogo kando isiyoguswa. Hifadhi kifuani Qur'an unayoiweza. Chukua radhi za wazazi kabla ya tiketi. Na ukifika, wapigie. Usingoje uwe na pesa za kutuma, piga hivyo hivyo, wasikie sauti.

Allah awalinde wasafiri wetu wote na awarudishe wakiwakuta wazee wao wazima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.