Namba nne zilizochora bawa

Kuna rafiki aliniuliza: hivi hawa jamaa wanaojiundia ndege gerejini, umbo la bawa wanalitoa wapi? Jibu lake lina historia, na ndani yake yumo marehemu aliyesingiziwa.

Marehemu ni Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeanguka na ndege yake isiyo na injini akafa mwaka 1896. Aliacha majedwali ya nguvu inayoinua bawa. Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, Marekani, wakayatumia. Mwaka 1901 ndege yao ikainuka kwa theluthi tu ya nguvu waliyoitarajia. Wakamshuku marehemu. Jamani! Kosa kubwa lilikuwa kwenye namba ya msukumo wa hewa, 0.005, iliyorithiwa tangu enzi za Mwingereza John Smeaton, karne ya 18. Hesabu sahihi ilikaribia 0.0033. Wakaunda sanduku la kupitishia upepo, futi 6 hivi, na mizani ya spoku za baiskeli na misumeno ya chuma, wakapima maumbo kama 200. Desemba 1903 wakaruka.

Mwaka 1933 shirika la NACA, lililokuja kuzaa NASA, likachapisha vipimo vya maumbo 78 yaliyopewa namba. Chukua 2412, bawa la Cessna 172. Gawa upana wa bawa, mbele hadi nyuma, mara 100: mstari wa katikati umepinda kwa 2, mpindo mkubwa uko kwenye 40, unene ni 12. Basi! Bawa la sentimita 150 lina unene wa sentimita 18.

Kazi iko kwenye kuchora. Pale mbele bawa limejikunja sana, duara lake lina nusu kipenyo cha milimita 24 hivi, kwa hiyo alama lazima zibanane. Fundi makini hakukuza mchoro kwa fotokopi, maana mashine huvuta upande mmoja kuliko mwingine, na karatasi hunywa unyevu ikatanuka. Alipiga hesabu ya kila alama, akagonga visumari kwenye plaiwudi, akapindisha ubao mwembamba juu yake, ndipo akachora.

Usumbufu wote huo wa nini? Kinundu kikibaki pale mbele, hewa inaweza kuachia mgongo wa bawa mapema, rubani anapopunguza mwendo ili atue. Na bawa moja huweza kutangulia kuishiwa nguvu kabla ya lingine, ndege ikalala ubavu huku ardhi iko hapo chini.