Nyekundu Kushoto, Kijani Kulia

Mimi ni mtoto wa Lupembe. Nimekulia kwenye chai, mbao na ukungu, na mpaka namaliza kidato cha nne maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa bwawa. Kwa hiyo kaka yangu alipoacha biashara ya mbao, akanunua boti ndogo ya faiba na kuhamia Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mama aliuliza swali moja tu: "Wabena na maji wapi na wapi?"

Boti ina urefu wa mita 6 na injini ya nguvu za farasi 40. Kazi yake ni kutembeza wageni. Mchana huwapeleka Ikombe kuwaona akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu, jioni huwarudisha huku wakipiga picha Milima ya Livingstone ikimezwa na giza. Tatizo lilikuwa hilo giza. Boti ilinunuliwa bila taa hata moja.

Kaka alilitatua kwa akili ya barabarani. Alipopita Makambako, pale malori ya Zambia yanapoachana na mabasi ya Songea, aliingia duka la vipuri vya pikipiki akanunua taa mbili nyeupe kali za mbele na mkanda wa taa za LED za bluu. Nyeupe alizifunga omo, bluu akaizungusha ubavuni. Ikiwashwa, boti ilifanana na bodaboda siku ya Idi. Wageni waliipenda. Nami niliipenda, nisiseme uongo.

Nilikuwa Matema wakati wa likizo, nikikusanya simulizi za wazee kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu usafiri wa ziwani. Usiku mmoja tulikuwa tunarudi kutoka Ikombe, kaka, mimi na wageni wawili. Mbele yetu maji yalikuwa meupe kwa mwanga wetu, na nje ya mwanga huo hapakuwa na kitu, giza la kukata kwa kisu. Ghafla ukatokea mtumbwi, karibu mno. Kaka akakata usukani. Hatukuugonga, lakini wimbi letu liliupindua.

Tulimtoa mzee majini akiwa mzima. Nyavu zake zilikwenda, na taa yake ya sola ya kuvutia usipa ikazama. Kaka alikuwa anatetemeka kuliko yeye. Aliomba radhi, kisha akasema jambo lililokuwa linamuumiza kweli: "Lakini baba, taa zote zile hukuziona?"

Mzee akajibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Mwanangu, mwanga niliuona. Boti sikuiona. Sikujua unakuja au unakwenda."

Sikulala usiku ule. Sehemu ilikuwa hofu. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa nimeshawahi kukutana na lalamiko hilohilo, kwenye historia ya Uingereza ya miaka ya 1840.

Enzi za matanga, nahodha aliyeona chombo usiku alikuwa na msaidizi mmoja mkubwa, nao ni upepo. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kinyume cha upepo, kwa hiyo ukijua upepo unatoka wapi, unakisia mwenzako anaweza kuelekea wapi. Meli ya mvuke ikaja kuvunja makisio hayo. Ilikwenda ilikotaka, kwa kasi, upepo upende usipende. Taa moja nyeupe ilikuambia kuna kitu, haikukuambia kinaelekea wapi. Watu walikufa kwa sababu ya pengo hilo.

Mwaka 1848 Waingereza wakaagiza meli zao za mvuke ziwashe taa nyeupe kwenye mlingoti wa mbele, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia. Mwaka 1858 rangi hizo zikawa lazima kwa vyombo vya matanga pia. Mwaka 1863 Uingereza na Ufaransa wakakubaliana kanuni za pamoja, na ndani ya muda mfupi nchi nyingi zenye meli zikazifuata, Marekani na dola za Kijerumani zikiwemo.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba ni lugha ya maneno mawili. Ukiona nyekundu peke yake, unautazama ubavu wa kushoto wa chombo, kwa hiyo kinaelekea kushoto kwako. Ukiona kijani, kinaelekea kulia kwako. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, kinakujia wewe. Na vyombo viwili vya injini vikikatizana njia, mwenye kuiona nyekundu ya mwenzake ndiye anayepisha. Lakini lugha hiyo inakufa endapo nyekundu itaonekana kutoka upande wa kijani. Ndiyo maana kanuni za 1863 zilidai kila taa ya ubavuni iwe na ubao wa kuikinga, unaotokeza mbele kwa futi 3 au zaidi, ili mwanga usivuke kwenda upande usio wake.

Lugha hii ilifikaje ziwani kwetu? Maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire, yakaingia Zambezi mpaka baharini, lakini meli haiwezi kuyafuata. Mwaka 1859 David Livingstone alikwama na meli yake kwenye maporomoko ya Shire. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiskoti walipoileta Ilala, meli ya kwanza ya mvuke ziwani, ilibidi ifunguliwe vipande na kubebwa na mamia ya wapagazi kupita maporomoko, kisha iungwe upya. Wajerumani nao waliileta Hermann von Wissmann kwa vipande. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Nahodha wake alikuwa hajapata hata habari kwamba vita imeanza. Huwa nafikiri juu ya hilo: mataifa yaliyokuwa yanauana yalikuwa yameshakubaliana, nusu karne kabla, namna ya kuambizana gizani "mimi naelekea huku".

Wavuvi hawakuwemo katika makubaliano hayo. Wao walikuwa na lugha yao ya mwanga, na ilisemwa na samaki. Kwanza moto wa kuni, baadaye karabai. Karabai tuliijua hata Lupembe, ilitolewa kabatini kwa harusi na kwa msiba. Jina lake linakumbusha kabidi, ingawa ile ya kwetu ilipigwa pampu na kula mafuta ya taa, ya ukoo wa Petromax, taa iliyotengenezwa na kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi ni LED na sola. Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Matema, taa za wavuvi ni kama mji uliojengwa juu ya maji. Katika mji huo taa nyeupe maana yake ni "navua hapa". Kaka alikuwa anaupita kwa kasi akiwa amewasha taa nyeupe.

Asubuhi nilimsomea kaka kanuni zinazotumika leo, zile za kimataifa za 1972 zilizoanza kazi mwaka 1977. Kwa maneno yake zenyewe zinahusu bahari kuu na maji yanayofikiwa na meli kutoka baharini, na maporomoko ya Shire yanatutoa humo. Kwa ziwa letu kila nchi inaweka sheria zake. Lakini rangi ni zilezile, na sikuona sababu ya kubuni nyingine. Chombo cha injini kisichofika mita 12 kinaruhusiwa kuwa na taa mbili za ubavuni na nyeupe moja inayoonekana pande zote. Kila taa ya ubavuni imulike nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu. Nyeupe iwe juu ya hizo kwa mita 1 au zaidi.

Tulifunga siku mbili. Mkanda wa bluu ulitoka, maana haumwambii mtu chochote. Taa kali zilibaki, kwa swichi yake, za kutumia wakati wa kutia nanga tu, kwa sababu zikiwaka macho ya dereva hayaoni nje ya mwanga wake. Tuliagiza taa za LED za boti. Balbu ya kizamani ya wati 25 kwenye betri ya volti 12 hula zaidi ya ampea 2, LED ya wati 3 hula robo ya ampea. Fundi umeme alitumia waya wa shaba uliopakwa bati ili kutu isiule, akaweka fyuzi karibu na betri, akaziba kila kiungo kwa mpira unaonywea ukipashwa moto. Nyeupe tuliipandisha juu ya bomba nyuma, ipite vichwa vya abiria wakiwa wamesimama. Kati ya nyekundu na kijani kaka alisimamisha kibao, akakipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Hakuwa amesoma kanuni za 1863. Alikuwa ameona tu kwamba bila kibao rangi zinachanganyika.

Kaka alilipa nyavu na taa kwa awamu tatu. Jioni ya kujaribu, niliomba kukaa kwenye mtumbwi wa mzee. Kwa chombo kama chake, cha makasia, kanuni hairidhii giza tupu. Kinachodaiwa angalau ni tochi mkononi, imulikwe mapema kuzuia kugongana. Nilikuwa nimemletea moja. Aliigeuza geuza, akaiweka mapajani, asiseme kitu.

Giza likaingia. Mbali kidogo kaka akawasha injini.

"Kijani," mzee akasema. "Anakwenda kulia."

Boti ikageuka. Kijani ikawa bado ipo, na kando yake ikachomoza nyekundu.

"Sasa anatujia."

Akaiwasha tochi, akaielekeza kwenye boti. Kijani ikazimika machoni petu, ikabaki nyekundu peke yake, ikipita kwa mbali kushoto kwetu, polepole, mpaka wimbi lake lilipotufikia likiwa dogo.