Chema Chajiuza, Lakini Saa Ngapi? Tamthilia ya Star Trek na Watazamaji Wake, 1966–1979

Nilipokuwa shule ya sekondari, kwetu Tororo, kulikuwa na tamthilia ya Kiswahili iliyorushwa na kituo kimoja cha televisheni saa 1 jioni. Wakati huo shangazi yangu alikuwa ameshafunga biashara yake ya nyanya sokoni, nasi watoto tulikuwa tumeshachota maji. Majirani wasiokuwa na televisheni walikuja na viti vyao. Jioni moja nilihesabu watu 9 mbele ya kioo kimoja kidogo. Kisha kituo kikaihamishia tamthilia ile saa 5 usiku. Shangazi huamka saa 10 alfajiri ili awahi mzigo, kwa hiyo hakuiona tena. Baada ya miezi michache iliondolewa kabisa, na tukaambiwa kuwa vipindi vya Kiswahili havina watazamaji. Shangazi aliijibu televisheni kana kwamba inamsikia: "Sisi hatukuondoka. Nyinyi ndio mliohama."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nichague mada ya insha hii. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye vituo vya televisheni hupenda kuutumia msemo huo bila kuutaja: kipindi kikikosa watazamaji, basi ni kibaya. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba idadi ya watazamaji haipimi ubora wa tamthilia peke yake. Inapima pia saa iliyorushwa, mazoea ya watu katika saa hiyo, na namna walivyohesabiwa. Mfano wangu ni tamthilia ya Marekani iitwayo Star Trek, ambayo iliuawa na ratiba na baadaye ikafufuliwa na ratiba. Nimeichagua pia kwa sababu inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, kama nitakavyoeleza.

Kwanza, tuelewe watazamaji walivyohesabiwa nchini Marekani wakati huo. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Nielsen. Haikuhesabu kila mtu, bali ilichagua sampuli ya kaya takribani 1,200 ziwakilishe taifa zima. Katika kaya hizo ilifungwa mashine iliyorekodi televisheni imewashwa saa ngapi na kwenye kituo gani. Kaya nyingine zilipewa shajara za kujaza kwa mkono. Hapo zilipatikana namba mbili. Tuseme mtaa una kaya 100 zenye televisheni. Usiku wa leo kaya 60 zimewasha, na 15 kati ya hizo zinatazama tamthilia yetu. Kiwango cha utazamaji ni 15, yaani 15 katika kaya zote 100. Mgao ni 25, kwa kuwa 15 ni robo ya zile 60 zilizowasha. Kwa hiyo, saa ambayo watu wengi wametoka au wamelala, hata tamthilia inayopendwa itapata kiwango kidogo. Tukumbuke pia kwamba mashine ile ilijua televisheni imewashwa, lakini haikujua nani amekaa mbele yake. Mbele ya mashine hiyo, watu 9 wa nyumbani kwetu wangehesabiwa sawa na mzee mmoja aliyesinzia kwenye kiti.

Star Trek ilianza kurushwa na shirika la NBC tarehe 8 Septemba 1966, siku ya Alhamisi, saa 2:30 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Ilikuwa tamthilia ya saa nzima kuhusu mabaharia wa anga katika chombo kiitwacho Enterprise, na mwanzilishi wake alikuwa Gene Roddenberry. Ilipofika saa 3, katikati ya kila sehemu, shirika la ABC lilianza kurusha Bewitched, mojawapo ya vichekesho vilivyopendwa sana nchini. Mtazamaji alilazimika kuchagua. Msimu wa pili, 1967 hadi 1968, Star Trek ilihamishiwa Ijumaa saa 2:30, na huko ikakuta Gomer Pyle ya shirika la CBS, nayo ikiwa miongoni mwa vipindi vilivyoongoza. Hivyo Star Trek haikuwahi kuwa kinara. Ilikuwa mwanafunzi wa katikati ya darasa, ambaye kila muhula huketishwa karibu na anayeongoza.

Mwishoni mwa 1967 ulienea uvumi kwamba NBC ingeifuta. Wapenzi wake, wakiongozwa na Bjo Trimble na mumewe John, walianzisha kampeni ya kuandika barua. Wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana hadi studio za NBC huko Burbank mnamo Januari 1968. Kwa hesabu ya NBC yenyewe, barua zilizofika zilizidi 100,000. Tarehe 1 Machi 1968, baada ya sehemu ya usiku huo kumalizika, sauti ya mtangazaji iliwaambia watazamaji kwamba tamthilia itaendelea. Naona tukio hili lina uzito mkubwa wa kihistoria. Mashine ya Nielsen ilisema jambo moja, sanduku la barua likasema jingine, na wakati huo hapakuwa na kanuni ya kuamua lipi lisadikiwe.

Ushindi huo haukudumu. Kwa msimu wa tatu NBC ilikuwa imepanga kuiweka Jumatatu saa 1:30 usiku, saa ambayo vijana na watoto wako nyumbani na hawajalala. Lakini kipindi cha vichekesho cha Laugh-In, ambacho msimu huo kiliongoza Marekani yote, kilianza Jumatatu saa 2. Star Trek ingekula nusu saa yake. Mtayarishaji wa Laugh-In, George Schlatter, alikataa kusogea. NBC ikamsikiliza mwenye nguvu, na Star Trek ikapelekwa Ijumaa saa 4 usiku. Roddenberry alijitoa katika usimamizi wa kila siku, na Fred Freiberger akashika nafasi yake.

Hapa ndipo mazoea ya watu yanapoingia. Wapenzi wengi wa Star Trek walikuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, pamoja na watoto wao na wadogo zao wa nyumbani. Ijumaa usiku kijana wa Kimarekani yuko uwanjani akitazama mpira wa shule yake, au yuko sinema na rafiki yake. Mtoto mdogo saa 4 amelala. Anayebaki mbele ya televisheni ni mtu mzima aliyechoka na kazi za wiki nzima, na huyo siye aliyeandika zile barua. Mashine za kurekodia nyumbani hazikuwa zimeenea. Ya Betamax iliingia sokoni mwaka 1975. Aliyeikosa sehemu ya Ijumaa aliikosa, labda aje aione katika marudio. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 3 Juni 1969. Jumla zilikuwa 79.

Msomaji makini anaweza kunipinga hapa. Je, ni kweli kwamba saa ndiyo iliyoiua? Msimu wa tatu bajeti ilipunguzwa, na hata wapenzi wake wengi hukiri kwamba baadhi ya hadithi zake zilikuwa dhaifu. Tena hata ilipokuwa saa 2:30 haikufanya maajabu. Nakubaliana na hoja hiyo kwa kiasi fulani. Mtu akiugua kwa muda mrefu kisha akanyeshewa mvua, hatuwezi kusema ni mvua peke yake iliyomuua. Hata hivyo, historia mara chache hutupa jaribio la pili, na kwa Star Trek ilitupa.

Jaribio lenyewe ni hili. Mwaka 1967, kampuni ya Kaiser Broadcasting ilinunua haki za kurusha marudio katika vituo vyake, vikiwemo vya Philadelphia, Boston na Detroit. Msimu wa 1969, baada ya NBC kuifuta, vituo hivyo vilianza kuirusha saa 12 jioni. Saa hiyo vituo vikubwa vilikuwa vinatangaza habari. Watu wa Kaiser walikuwa wametambua jambo dogo kuhusu mazoea: vijana hawakuwa wakitazama taarifa ya habari. Walikuwa wamerudi kutoka shuleni, chakula cha jioni kinaandaliwa, televisheni ipo, na hawana cha kutazama. Zaidi ya hayo, marudio hayakuwa ya mara moja kwa wiki. Yalirushwa siku baada ya siku, kwa hiyo aliyekosa leo aliona kesho, na utazamaji ukawa desturi kama chai ya jioni.

Matokeo yake yanajulikana. Kufikia 1972 tamthilia iliyofutwa ilikuwa inaonyeshwa katika miji zaidi ya 100 ya Marekani na katika nchi 60 nyingine. Januari mwaka huo wapenzi wake walikutana New York. Waandaaji walitarajia mamia, wakafika zaidi ya 3,000. Mwaka 1976, baada ya kampeni nyingine ya barua, Rais Gerald Ford aliamua kwamba chombo cha kwanza cha majaribio cha mpango mpya wa anga kiitwe Enterprise. Desemba 1979 ikatoka filamu ya kwanza ya Star Trek katika kumbi za sinema. Tuzingatie kwamba sehemu zilikuwa zilezile 79. Waigizaji hawakubadilika, wala maneno yao, wala hadithi zile dhaifu za msimu wa tatu. Vilivyobadilika ni saa na wingi wa marudio.

Hata namna ya kuhesabu ilibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni yanayotangaza bidhaa yalianza kuuliza si kaya ngapi tu, bali nani yuko katika kaya hizo: vijana au wazee, wa mjini au wa shamba. Mwaka 1971 shirika la CBS liliviondoa vipindi kama The Beverly Hillbillies na Green Acres, ingawa vilikuwa bado vina watazamaji wengi, kwa sababu watazamaji hao hawakuwa wale waliotakiwa na wafanyabiashara. Kwa kipimo hicho kipya, vijana wa Star Trek wangekuwa mali. Walizaliwa na kipimo cha zamani, wakapotea ndani yake.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu. Ofisa wa mawasiliano wa chombo kile anaitwa Uhura, na jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alieleza kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na jina likatokana na hapo. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, Kiswahili kinasikika ndani ya chombo hicho. Kinasikika tena mwaka 1967, pale Uhura anapopoteza kumbukumbu na kufundishwa upya kusoma Kiingereza. Akikwama, hurejea kwenye Kiswahili. Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemzuia ni Martin Luther King, ambaye alimwambia kuwa hiki ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wakeshe kidogo ili wakitazame. Nilisoma maelezo hayo mara mbili. Wazazi wale walikuwa wanazungumzia saa. Saa 2:30 mzazi anaweza kumwongezea mtoto muda kabla ya kulala. Saa 4 ni wazazi wachache wangekubali. Ratiba ya 1968 iliwaondoa mbele ya Uhura watoto walewale waliomhitaji kuliko wote, kisha namba zikatolewa kuonyesha kuwa hawapo.

Kwa kumalizia, sidai kwamba kila kipindi kinachofutwa kilikuwa kizuri, wala kwamba kila kituo kina nia mbaya. Kituo kina saa chache nzuri, na kila mmoja anazitaka. Ninachosema ni kwamba namba ya watazamaji ni ushahidi wa kihistoria kama ushahidi mwingine wowote, na mwanahistoria hupaswa kuuhoji: ulikusanywa lini, kwa kipimo gani, na nani aliachwa nje? Hapa Uganda, mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima mashuleni. Tutazidi kusikia mjadala kama vipindi vya Kiswahili vina watu au havina. Wanafunzi wenzangu, tukiambiwa kwamba havina, tusikimbilie kukubali wala kukasirika. Tuulize kwanza vilirushwa saa ngapi.

Chema chajiuza, ndiyo. Lakini shangazi yangu, ambaye ameuza nyanya kwa miaka mingi, ananiambia kwamba hata nyanya nzuri kuliko zote hazijiuzi ukizipanga sokoni baada ya watu kwenda kulala.