Angalia Mwaka wa Kitabu Kwanza

Pale Sori, kwenye ghuba ya Karungu, omena utapata, mbuta utapata, na mtu wa kukutengenezea injini ya boti hakosi. Duka la vitabu vya kompyuta sijawahi kuliona. Kitabu cha programu hufika huku kwa basi kutoka Nairobi, mara nyingi kikiwa kimenunuliwa pale kwa inama, vitabu vimetandazwa kando ya njia na wewe umeinama unachagua. Ama kinafika kama PDF ndani ya simu. Mdogo wangu anajifunza Java na laptop ya mitumba, akaniuliza, "Bro, pesa niliyo nayo ni ya kitabu kimoja tu. Nichukue gani?" Alitaka jina. Mimi nikampa historia, maana bila hiyo majina yote yanafanana.

Mtindo huu wa kugawa programu kuwa vitu, kila kitu na data yake na kazi zake, ulianzia Oslo miaka ya 1960. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, walitaka kuiga mambo ya dunia ndani ya mashine: foleni, magari, wateja wanaongoja zamu. Lugha yao, Simula 67, ndiyo iliyoleta klasi na urithi. Kwa hivyo wazo lenyewe halikuanza kama sheria za usafi wa programu. Lilianza kama njia ya kuueleza ulimwengu. Ukisimama ufuoni Sori asubuhi boti zikirudi, wachuuzi wakingoja, mizani ikining'inia, unaona kabisa walichokuwa wakitafuta.

Halafu kuna Alan Kay, Mmarekani aliyebuni Smalltalk na wenzake kule Xerox PARC miaka ya 1970. Mwaka 1998 aliandika kwamba anajuta kuuita mtindo huu kwa jina la vitu, kwa sababu watu wameng'ang'ania vitu wakasahau ujumbe vinaotumiana. Vitabu vingi vya chuo bado viko hapo alipolalamikia: sura nzima ya Mnyama, Mbwa na Paka, na hakuna mahali Mbwa anaongea na mtu. Kitabu kama hicho, hata kikiwa bei ya soda, kiache.

Sasa twende kwa kile ambacho kila mtu mtandaoni atakuambia usome: Design Patterns, cha 1994, cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides. Kina mbinu 23, na mifano mingi imeandikwa kwa C++. Ni kitabu kikubwa, sikatai. Lakini mwaka 1996 Peter Norvig alionyesha kwamba 16 kati ya mbinu hizo zinakuwa nyepesi zaidi, au zinapotea kabisa, ukitumia lugha kama Lisp au Dylan. Maana yake sehemu ya kitabu ni dawa ya maumivu ya C++ ya wakati ule. Mwanafunzi asiyejua hilo ataimeza dawa na hata mgonjwa si yeye.

Mwaka wa kuchapishwa una uzito hivyo. Effective Java cha Joshua Bloch, toleo la kwanza, ni cha 2001, na kinakufundisha kujitengenezea enum kwa mkono. Wakati huo Java haikuwa nayo. Ilikuja na Java 5, mwaka 2004. Toleo la tatu limeandikwa kwa Java mpya zaidi. Pale kwa inama matoleo haya yanaweza kulala pamoja, majalada yakifanana, na muuzaji hana shida na tofauti hiyo. Fungua ukurasa wa pili, usome mwaka, ndipo mwanze kuelewana bei.

Kwa huyu wangu nilichagua Head First Design Patterns, kilichotoka mara ya kwanza 2004. Kina picha nyingi na utani mwingi, na wakubwa wengine hukidharau kwa hilo. Lakini kinaanza na mchezo wa bata: mtu anaongeza uwezo wa kuruka kwenye klasi ya Bata, na bata wa mpira nao wanaanza kuruka. Nilimwambia afanye hivyo kwa mitumbwi. Andika klasi Mtumbwi, uipe kazi ya washaInjini, halafu uje na mtumbwi wa tanga na ule wa kasia. Wote wameshapewa injini, na hakuna aliyeinunua! Hapo ndipo ataelewa kwa nini injini inafaa kuwa kitu chake, kinachofungwa kwenye mtumbwi unaoihitaji, na kinachoweza kufunguliwa jioni kikapelekwa nyumbani, kama wavuvi wanavyofanya na zile zao.