Nani Aruhusiwe Kusoma Kumbukumbu? Historia ya Nyadhifa na Ruhusa katika Programu za Utafutaji

Kila kompyuta inayohudumia watu wengi huandika maelezo ya yale yanayotendeka ndani yake: nani ameingia, saa ngapi, kutoka anwani gani, ameomba nini na amejibiwa nini. Maelezo hayo, ambayo huitwa kumbukumbu za matukio, yalianza kama msaada kwa fundi anayetafuta chanzo cha hitilafu, lakini kadiri benki, hospitali na kampuni za simu zilivyohamishia shughuli zao mtandaoni, yaligeuka kuwa hazina ya siri za watu. Historia ya ruhusa katika programu zinazotafuta na kufuatilia kumbukumbu hizo ni historia ya chombo kilichoundwa kuulinda mfumo, ambacho hatimaye kilihitaji kulindwa chenyewe.

Mizizi ya suala hili imo katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake, ilibidi apewe nywila, yaani neno la siri la kumtambulisha. Kinga hiyo haikukawia kuonyesha udhaifu wake. Corbató alikuja kueleza kwamba programu ya kuhariri ilikuwa imetungwa kwa kudhani kuwa ni mtu mmoja tu angefanya kazi katika eneo la usimamizi kwa wakati mmoja. Dhana hiyo ilipoachwa, msimamizi mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku huku mwenzake akihariri orodha ya nywila, mafaili yao ya muda yakagongana, na kila aliyeingia katika mfumo akachapiwa nywila za watumiaji wote badala ya tangazo.

Warithi wa CTSS walijaribu kuziba mianya ya namna hiyo. Mfumo wa Multics, ulioanza kujengwa katikati ya miaka ya 1960, uliambatanisha kila faili na orodha ya watu pamoja na yale waliyoruhusiwa kulifanyia. Unix, iliyobuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, ilichagua njia fupi zaidi, ambayo ilikuja kuwagawa watu katika mafungu matatu, yaani mwenye faili, kikundi chake na wengine wote, kisha ikaeleza kwa kila fungu kama linaweza kusoma, kuandika au kuendesha. Juu ya wote alikaa mtumiaji mkuu, aitwaye root, ambaye hakuzuiwa na lolote. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambayo inafuatwa hadi leo, kwamba kila mtu na kila programu ipewe ruhusa zile tu zinazohitajika kukamilisha kazi yake, na zisizidi hapo.

Ugumu ulikuwa katika kuitekeleza kanuni hiyo mahali penye maelfu ya wafanyakazi wanaoajiriwa, kuhamishwa na kustaafu. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, walitoa hoja kwamba taratibu zilizokuwepo hazikuzifaa taasisi za kiraia, kwa sababu karani wa benki au muuguzi si mmiliki wa taarifa anazozishughulikia. Mmiliki ni taasisi, na mfanyakazi huzifikia kwa sababu ya kazi aliyopewa. Walipendekeza kwamba ruhusa zifungwe kwenye wadhifa, kisha mtu apewe wadhifa, hivi kwamba anapohama idara hupokonywa wadhifa mmoja na kupewa mwingine pasipo kupekua ruhusa zake moja baada ya nyingine. Mwaka 1996 Ravi Sandhu na wenzake waliupanua mfano huo kwa kuonyesha jinsi wadhifa wa juu unavyoweza kurithi ruhusa za wadhifa wa chini, na jinsi nyadhifa mbili zinavyoweza kukatazwa kukaa mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 2004 mfano huo ukawa kiwango rasmi cha Marekani.

Kumbukumbu za matukio, kwa upande wake, zilikuwa zikisafiri njia yake. Mwaka 1980 James P. Anderson alieleza katika ripoti yake namna ya kuzichunguza ili kuwabaini wavamizi na hata wenyeji wanaotumia vibaya madaraka yao, na katika muongo huohuo Eric Allman akabuni syslog, utaratibu wa kuzipokea na kuzihifadhi ambao ulienea katika mifumo ya Unix. Kwa miaka mingi kumbukumbu hizo zilikaa zimetawanyika, kila seva na mafaili yake, na ruhusa za kawaida za Unix zilitosha kumzuia asiyehusika.

Hali ilibadilika baada ya kampuni ya Splunk kuanzishwa mwaka 2003 huko San Francisco. Programu yake ilikusanya kumbukumbu kutoka seva zote na kuzipanga katika faharasa, yaani hazina iliyopangwa ili neno lolote lipatikane upesi. Faida ilikuwa dhahiri, lakini data ilipoingia katika faharasa haikubeba ruhusa za faili ilikotoka, na kuta zilizojengwa seva kwa seva zikaachwa nyuma. Ilibidi zijengwe upya ndani ya programu ya utafutaji yenyewe, na zana iliyotumika ni wadhifa.

Splunk huja na nyadhifa za awali zinazorithiana: mtumiaji wa kawaida, mtumiaji mwenye uwezo zaidi, na msimamizi. Kila wadhifa hutajiwa faharasa unazoruhusiwa kuzipekua, na unaweza kuwekewa chujio, yaani sharti ambalo programu huliongeza yenyewe katika kila utafutaji. Mhudumu wa wateja anayeandika neno "malipo" anaweza hivyo kupata matukio ya seva za idara yake pekee, ilhali msimamizi akiandika neno hilohilo anapata ya taasisi nzima. Hata hivyo, mwenye nyadhifa mbili hupata jumla ya faharasa za zote mbili, kwa hiyo kumwongezea mtu wadhifa mwembamba hakupunguzi anachokiona. Asipovuliwa ule mpana, atabaki na upana wake.

Elasticsearch, programu huria iliyotolewa na Shay Banon mwaka 2010, ilipita njia ndefu zaidi. Kwa miaka kadhaa haikuwa na ulinzi wa ndani, na ulipokuja mwaka 2015, ulikuja kama nyongeza ya kulipiwa. Waliosimika programu hiyo wakaiacha wazi kwenye intaneti walivuna matokeo Januari 2017, wadukuzi walipofuta data katika seva nyingi na kuacha madai ya fidia. Mei 2019 nywila na nyadhifa za msingi zikawa za bure, na tangu toleo la 8.0 la mwaka 2022 ulinzi huwa umewashwa tangu mwanzo. Aliyetaka ruhusa za kina zaidi, kama vile kuficha sehemu moja tu ya waraka, aliendelea kuzilipia.

Uzito wa suala hili ulidhihirika pia katika kampuni kubwa kabisa. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wote wabadilishe nywila baada ya kugundua kwamba zilikuwa zikiandikwa bila kufichwa katika kumbukumbu za ndani, na Machi 2019 Facebook ilikiri kuhifadhi nywila za mamilioni ya watu katika namna ambayo wafanyakazi wake wangeweza kuzisoma. Sheria nazo zimelifikia jambo hili: Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Anwani na namba ya simu ya mteja zinabaki kuwa taarifa binafsi hata zinapokuwa zimeandikwa katika kumbukumbu ya seva.

Limebaki swali la msimamizi mwenyewe, yule mrithi wa root ambaye tangu enzi za Unix hakuwa na wa kumhoji. Katika Splunk uwezo wa kufuta matukio, ambao kwa kweli huyaficha tu yasionekane katika utafutaji, umetengwa katika wadhifa wa peke yake ambao hata msimamizi hapewi tangu mwanzo. Anaweza kujipa, lakini hatua hiyo huandikwa katika faharasa ya ukaguzi, kwa hiyo kinga hii hutegemea kuwapo kwa mtu mwingine, asiye chini yake, aliyepewa wadhifa wa kuisoma faharasa hiyo na anayeisoma kweli.