Kindu mpaka Kinshasa: kilometa ngapi, saa ngapi kwa ndege?

Kutoka Kindu mpaka Kinshasa, kwa mstari wa ndege, ni karibu kilometa 1.175. Ndege ya jeti, yenye kukimbia kilometa 800 kwa saa, inatumia karibu saa moja na dakika 45, pamoja na kupanda na kushuka. Ile ya propela inaweza kutumia saa mbili na nusu.

Lakini muangalie saa. Maniema inafuata saa ya Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Ukiruka Kindu saa 4 asubuhi (10h00) kwa jeti, utafika Kinshasa saa 4 na dakika 45 ya kule. Wakati wa kurudi, ukiruka saa 4 ya Kinshasa, utakuta Kindu ni saa 6 na dakika 45 mchana. Ndege haikuchelewa, ni saa ndiyo zinatofautiana. Ndugu mwenye kukupokea, umwambie saa ya kwake.

Kwetu Salamabila, safari ndefu ni ile ya chini. Mpaka Kindu, hata kwa mstari wa ndege, ni zaidi ya kilometa 200. Ukipita njia ya Kasongo unazunguka, na Lualaba ni lazima kuivuka. Mvua ikinyesha, pikipiki inaweza kulala njiani. Kwa hiyo mwenye mgonjwa ao mwenye mtihani asihesabu saa za ndege tu. Ahesabu siku za barabara, na afike Kindu mbele ya siku ya ndege.